Kesi ya Kiuno cha Marietha

Mimi sipendi kesi za mume na mke. Kesi ya ng'ombe ni kesi safi: ng'ombe ana rangi, ana pembe, ana alama sikioni, na hata akikojoa mlangoni mwa baraza hajamtukana mtu. Mume na mke wakija, hujui uanzie wapi. Ndiyo maana asubuhi ile, karani aliposoma kwamba Antipasi anamshitaki mkewe Marietha kwa kukataa kusaga, nilimtazama Jumbe kwa jicho la kumwomba aifukuze. Jumbe akajifanya hanioni.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imetujengea nyumba ya baraza pale Mtinko, ya bati, yenye mabenchi magumu kweli kweli. Wazee wa baraza tulikaa mbele, na Jumbe katikati yetu kwenye kiti chenye mgongo. Mimi Zefania nilikaa siku zote mwisho wa benchi, karibu na mlango. Watu niliwaambia kwamba napenda upepo.

Antipasi alisimama akatuamkia. Ni kijana mchapakazi, hana baya, ila nyuma yake alisimama mama yake, Dorkas, mjane mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Kila kijana aliponyamaza, mama alimdukua mbavuni kwa kidole.

"Wazee wangu," akasema Antipasi, "mke wangu hasagi. Tangu tulipovuna uwele hajapiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Anasema kiuno kinamuuma. Mama yangu anasaga peke yake na umri wake huo. Naomba baraza limwamuru asage, au..." Akasita. Kidole kikamdukua. "Au arudi kwa baba yake, kule Sepuka."

Neno la Sepuka alilisema akiangalia sakafu. Niliona wazi kwamba hakulileta yeye.

Marietha alikuwa amesimama ameegemea ukuta, na mkanda mpana wa ngozi umemzunguka kiunoni juu ya kanga. Tulimpa kigoda akakataa, akasema ahsanteni, akikaa kuinuka ni kazi. Alikuwa na uso wa mtu mcheshi ambaye leo hajalala vizuri.

"Sasa, kiuno kinauma au hakiumi?" akauliza Jumbe.

"Nitajuaje, Jumbe? Kiuno ni chake," akajibu Antipasi. "Nimempeleka kwa wajuzi wote ninaowafahamu. Leo nimewaleta, waseme wenyewe."

Kweli alikuwa amewaleta. Wa kwanza alikuwa Samweli, dresa wa zahanati, amevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Akasema ugonjwa huu ni baridi yabisi, unaingia kwenye maungio, na dawa yake ni kuchua kwa mafuta aliyompa, na kulala. Alale, apumzike, asizururezurure.

Wa pili alikuwa Paulo, mkalimani wa nesi Mzungu wa misheni. Nesi mwenyewe alikuwa na wagonjwa, kwa hiyo Paulo alisema kwa niaba yake, tena kwa kukunja midomo kama nesi. "Hapa hakuna habari ya baridi. Mfupa wa mgongo umebana mshipa. Na nesi amekataza kulala. Akilalalala ndiyo atakakamaa kabisa. Atembee kila siku."

"Atembee?" akadakia dresa. "Mnataka kumuua?"

"Ngoja zamu yako, ilishapita," akasema Paulo.

Wa tatu alikuwa Mughwai, mganga, mzee wa rika letu. Aliwatazama wale wawili kwa huruma kama watoto wanaocheza na moto. Akasema babu yake Marietha, marehemu, amesahauliwa, na yeye ndiye aliyemshika mjukuu wake kiunoni ili wakumbuke. Yeye Mughwai amemfunga mkanda wa ngozi ya kondoo mweusi, na mgonjwa hatakiwi kulala wala kutembea. Akae. Akae kitako, atulie, mpaka babu aridhike.

Basi mmoja anasema alale, mmoja atembee, mmoja akae. Wakaanza kugombana wote watatu mbele yetu, dresa anapiga kifua, Paulo anasema "nesi amesoma Ulaya", na Mughwai anauliza huko Ulaya babu yake Marietha walimwonea wapi. Jumbe alipiga meza mpaka wino wa karani ukaruka.

Hapo Dorkas akapata nafasi aliyoingoja. Akampita mwanawe, akasimama mbele yangu mimi hasa.

"Wewe Zefania! Mwaka jana nilileta hapa kesi ya mbuzi wangu. Shahidi wangu mmoja akasema mbuzi mweupe, mwingine akasema wa madoa. Ulisemaje?"

Nilikumbuka vizuri. Nikakohoa.

"Ulisema mashahidi wakipingana, dai linaanguka. Nikakosa mbuzi. Sikulia, nikaenda zangu. Leo mashahidi ni watatu na kila mmoja ana lake. Basi dai la kiuno limeanguka. Ugonjwa haupo!"

Watu waliojaa madirishani wakaguna kwa kuridhika. Na mimi, niseme kweli, nilikwama. Mwanamke yule alikuwa amenikamata kwa kamba yangu mwenyewe. Sheria ile tunaitumia kila wiki, na baraza haliwezi kuwa na sheria moja ya mbuzi na nyingine ya wake za watu. Jumbe akanigeukia aone nitasemaje. Nikasimama taratibu kusema kwamba dai limeanguka, ingawa maneno yenyewe yalikuwa machungu mdomoni, maana nilikuwa nimemtazama yule binti na sikuona uongo.

"Naomba kuuliza kabla mzee hajasema," akasema Marietha.

"Uliza," akasema Jumbe haraka. Naye alikuwa anatafuta pa kutokea.

"Watu watatu wakija hapa wanagombea ng'ombe mmoja, kila mtu anasema wangu, mnafanyaje?"

"Tunawasikiliza," nikajibu. "Wakipingana sana tunapeleleza."

"Mmewahi kuwaambia kwamba ng'ombe hayupo?"

Mzee Isaka, aliyekaa kulia kwa Jumbe, akaanza kutikisika mabega.

"Mbuzi wa mama hakuna aliyemwona hapa barazani," Marietha akaendelea. "Lakini ng'ombe wangu amesimama hapa mbele yenu, analia. Hawa mashahidi watatu, wazee wangu, muwaulize mmoja mmoja. Yupo aliyesema siumwi? Dresa amesema naumwa. Nesi amesema naumwa. Mzee Mughwai amesema naumwa mpaka na babu yangu anajua! Wanachogombania ni jina tu, na mwenye ng'ombe ni nani. Ng'ombe yupo."

Isaka akashindwa, akacheka mpaka akaangukia ukuta nyuma yake. Kicheko kikahamia madirishani, kikarudi ndani, kikamkamata Jumbe. Hata Mughwai alicheka, na Mughwai hacheki akiwa kazini. Mimi nilikaa chini kwa furaha, maana sheria yangu ilikuwa salama na yule binti pia.

Jumbe alipojifuta macho akamwuliza, "Sasa mwanangu, kati ya hawa watatu wewe unamfuata nani?"

"Wote, Jumbe. Asubuhi natembea kwenda kisimani kama nesi alivyosema, kiuno kinalegea. Jioni nachua mafuta ya dresa. Na huu mkanda, habari za babu sizijui, lakini unatia joto zuri sana. Kila mmoja amenipa kidogo. Kuisha hakuishi. Kinauma kila siku, nimeshazoeana nacho. Siku nyingine nakisahau nikicheka, siku nyingine naenda zizini nalia, nikimaliza nakamua. Nalima, nachota maji, napika. Jiwe tu ndilo siliwezi. Nikipiga magoti nikainama, naona giza." Akamgeukia mumewe. "Sitaki kurudi Sepuka. Nampenda huyu Antipasi hata kama ananishitaki. Ninachotaka ni kwamba nikisema kinauma, mtu wa nyumbani kwangu aseme ndiyo, kinauma. Basi."

Isaka akasema kwa sauti kubwa kwamba yeye bega lake la kulia haliinuki tangu alipotumikia reli, na hajamwambia mtu kwa sababu watamwita kizee. Karani akaweka kalamu chini. Jumbe akajikuna kidevu, akasema, "Mnadhani hiki kiti chenye mgongo nakipendea ukubwa?" Watu wakapiga kelele. Basi na mimi nikaona ujinga kukaa na siri peke yangu, nikawaambia kwamba mlangoni hapa hakuna upepo wowote. Nakaa hapa ninyooshe mguu, maana goti langu likikunjwa kwa kesi nzima nitahitaji kubebwa.

Hapo baraza likavurugika. Dresa alikuwa ananibonyeza goti na kusema baridi yabisi. Paulo akasema nesi angeniambia nitembee, Mughwai akaniuliza mara ya mwisho kulitembelea kaburi la baba yangu ilikuwa lini. Kule madirishani kila mtu alikuwa anamwonyesha mwenzake mahali panapouma, wazee kwa akina mama, wanacheka kama watu waliokutana mnadani baada ya mvua nzuri. Nimekaa baraza lile miaka mingi. Sijaona siku nyingine watu wakifurahi namna ile kwa kuumwa.

Jumbe alipiga meza tena, safari hii kwa upole. "Zefania. Ng'ombe anayegombaniwa, wakati upelelezi unaendelea, anakaa kwa nani?"

"Kwa mtu mwingine," nikajibu. "Anamchunga na kumlisha mpaka mashahidi wapatane."

"Basi baraza linaamua hivi. Maumivu yapo. Jina lake halijulikani. Kazi ya Marietha ya jiweni itachungwa na mume, mpaka dresa, nesi na Mughwai wapatane."

"Hawa wapatane?" Antipasi akashika kichwa. "Jumbe, nitasaga mpaka nife!"

Bati lilitetemeka kwa kicheko. Lakini Dorkas hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, na aliposema, sauti yake ya mlima wa pili ilimaliza vicheko vyote.

"Mwanangu mwanamume apige magoti kwenye jiwe! Kwa sababu ya kiuno! Mimi mgongo wangu unauma tangu siku nilipomzaa huyo huyo Antipasi. Nimesaga nao. Nimelima nao. Nimemzika mume wangu nao. Nani aliniitia dresa? Nani alinipeleka kwa nesi? Nilimwambia baba yake mara moja, akasema wanawake wote ndivyo walivyo. Nikanyamaza. Kwa nini wangu hamkuuitia baraza?"

Sisi wazee tuliangalia mikono yetu, na nadhani kila mmoja alikuwa anamfikiria mtu wa nyumbani kwake. Antipasi alimgeukia mama yake, uso umempauka, kama aliyemwona leo kwa mara ya kwanza.

"Mama," akasema, "nitasaga. Zamu yenu nyote wawili."

Marietha akaacha ukuta. Alivuka chumba kwa mwendo wake ule wa polepole, mkono mmoja kiunoni, mpaka akafika kwa mkwewe. Tulidhani atamtolea maneno, na kwa kweli alikuwa na haki.

"Unauma wapi, mama?" akamwuliza.

Dorkas alimtazama kama aliyeulizwa kwa lugha ya nesi Mzungu.

"Wapi? Nionyeshe."

"Hajawahi kuniuliza mtu," akasema Dorkas kwa sauti ndogo mno. Kisha, mbele ya Jumbe, mbele ya wazee wa baraza na madirisha yote yaliyojaa watu, akageuka akampa mkwewe mgongo. Marietha akakunja ngumi, akaibonyeza taratibu mgongoni mwake.

"Hapa?"

"Juu."

"Hapa?"

"Kushoto kidogo, mwanangu." Hakuwahi kumwita hivyo. "Bado kidogo. Hapo. Hapo! Hapo hapo!" akapiga kelele Dorkas, machozi yanamtoka huku anacheka, na baraza zima likampigia makofi.