Elfu Sitini za Hajja Zhor

Asubuhi ile Nisrin, fundi wa meno ya bandia kutoka Tetouani, alikuwa na hofu moja tu: kutaja mshahara mkubwa, kisha anyimwe kazi. Mama yake alikuwa akiishi chumba cha uani kwa kaka yake Nisrin, kule kwao, akihesabiwa hata vipande vya mkate. Nisrin alitaka kumtoa pale amlete Casablanca, waishi kama watu.

Alipiga hesabu nyuma ya karatasi ya daktari. Nyumba ya kupanga alishaipata kwa Hajja Zhor, vyumba viwili vyenye jua, kwa elfu sitini kwa mwezi. Kwao Tetouani watu huhesabu faranga, mia moja kwa dirhamu, basi elfu sitini ni dirhamu mia sita. Rahisi huvunja upishi, wahenga wanasema, lakini Nisrin aliogopa hata kuuliza, asije Hajja akagundua ametaja bei ndogo. Maji na umeme mia tatu, nauli mia nne, dawa za sukari za mama mia saba, chakula elfu moja na mia tano. Akaongeza elfu moja ya kupumulia, ili kuskusi ya Ijumaa isikose nyama. Jumla elfu nne na mia tano.

Bwana Sqalli, mwenye maabara ya meno alikoomba kazi, alimuuliza kiasi gani kingemtosha kuishi vizuri mjini. Akataja dirhamu elfu nne na mia tano. Bwana yule hakubishana hata kidogo. Akasaini mkataba wa mwaka mzima. Wepesi ule ulimtia Nisrin wasiwasi.

Saa nane akampelekea Hajja dirhamu mia sita. Hajja akazihesabu, mkono ukabaki umenyooshwa.

"Na zilizobaki, mwanangu?"

"Si elfu sitini, Hajja?"

Hajja akamtazama, akacheka kwa huruma. "Ala, wewe mtu wa kaskazini. Huku tunahesabu riali, ishirini kwa dirhamu. Kodi ni dirhamu elfu tatu. Na mpwa wangu anaitaka nyumba hiyo, nakungoja mpaka jioni."

Nisrin akaketi ngazini. Alirudia hesabu mara tatu. Kila mara ilimtisha zaidi, maana kilichobaki hakikutosha hata chakula na dawa, na mkataba ulikuwa umeshasainiwa.

Simu ikalia. Mama alikuwa ndani ya basi, ameshapita mji wa Larache, sauti yake changa kama ya msichana. Alisimulia alivyomrudishia mke wa kaka funguo bila kugeuka nyuma. Tena cherehani yake ameiuza kwa elfu thelathini.

"Faranga au riali, mama?" Nisrin aliuliza, akiomba moyoni ziwe faranga.

"Riali ndiyo nini tena? Faranga, mwanangu. Ninazo dirhamu mia tatu kifuani hapa. Nusu ya kodi yetu hiyo, au siyo?"

Nisrin alifumba macho.

"Ndiyo, mama," akasema. Basi lingefika saa kumi na moja.