Shapeli Iliyokua kwa Malalamiko

Jumamosi, umande ukiwa bado kwenye majani, Mama Ernestine aliteremka kwenye chemchemi iliyo chini ya kilima, nyuma ya kijiji cha Lusangi, kwenda kutoa mihogo yake majini. Wanawake wa pale wana vidimbwi kando ya chemchemi, kila mmoja na chake alichoachiwa na mama mkwe wake. Mihogo hukaa humo mpaka ilainike na uchungu utoke, kisha humenywa, huanikwa na kutwangwa unga wa bugali. Ernestine alitia mkono akatoa muhogo wa kwanza. Ulikuwa mwekundu kama tofali, na ulinuka mafuta ya mashine. Wa pili vilevile. Aliimenya yote, kwa kuwa mtu hawezi kujua mpaka afike katikati, na katikati nako kulikuwa kwekundu.

Juu kidogo ya chemchemi kulikuwa na shimo la dhahabu la Octave, ambaye wachimbaji wake walimwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu. Mashine yake ya kuvuta maji ilinguruma tangu alfajiri, vijana wakiosha changarawe, na tope lote likiwateremkia wanawake. Octave hakuwa mtu wa maneno mabaya. Wanawake walipokwenda kumwona aliwapa viti na soda, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuwasha mashine.

Kidimbwi cha jirani kilikuwa cha Mama Rehema, muuza chumvi na sabuni, Mwislamu wa ukoo wa Kasongo mjini. Mihogo yake pia ilikuwa imeharibika. Lakini siku hiyo alifunga unga wake wa zamani kwenye kitambaa, akauacha ndani ya beseni la Ernestine kama mtu aliyesahau kitu, akaondoka bila kugeuka.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Padri hufika kwenye shapeli, kanisa dogo la kilima kile, kwa pikipiki barabara inaporuhusu. Siku nyingine sala huongozwa na Zéphirin, katekista. Saa ya maombi ya waumini kila mtu husimama alipo na kumshukuru Mungu. Zéphirin ndivyo alivyowafundisha: Mungu hashitakiwi, na anayenung'unika hufukuza baraka. Asubuhi hiyo aliwasomea habari za kanisa la kwanza la Yerusalemu, jinsi lilivyokua siku kwa siku, na jinsi wajane wenye lugha ya kigeni walivyonung'unika kwa sababu walisahauliwa kwenye mgao wa chakula. Kukua alikueleza vizuri sana. Wajane aliwapita haraka, kama mwenye pikipiki anavyopita daraja la miti iliyooza.

Ernestine, mjane naye, alibaki nyuma na wale wajane kwa mawazo. Zamu yake ilipofika alisimama.

“Bwana,” alisema, “mihogo yangu imekuwa myekundu. Nimemwambia Octave. Nimewaambia wakubwa. Sasa nakuambia wewe, na kwa hili sikushukuru.”

Ukuta wa nyuma ukasogea. Sonia, aliyezoea kuuegemea, akaanguka chali polepole, na waliokuwa karibu wakamwinua na kumkung'uta vumbi. Ukuta ulikuwa umesimama mkono mmoja zaidi ya mahali pake pa jana, pamoja na chokaa yake na picha ya Bikira Maria, na paa lilikuwa limeufuata. Mbuzi aliyefungwa nje sasa alikuwa ndani. Aliendelea kula.

Baada ya sala Zéphirin alimwita Ernestine pembeni, ingawa watu wote walikuja kusikiliza.

“Mama Ernestine, Mungu haiko ofisi ya malalamiko.”

“Basi ofisi iko wapi, Baba Katekista? Unionyeshe. Nitaenda hata kwa mguu.”

Watu wakacheka, na Zéphirin akacheka kidogo pia. Alikuwa mtu mwema. Wagonjwa wote wa kilima kile walimjua kwa sababu ndiye aliyewachotea maji.

Jumapili iliyofuata watu waliwahi. Nadine alimlalamikia Mungu kuhusu mtoto aliyemzika kabla hajampa jina, na ukuta ukaenda hatua nzima. Mzee mmoja alilalamika kuhusu masikio yake, ukaenda kidogo. Pitchou alisimama na kushitaki kwamba mke wake anapika sombe bila chumvi. Ukuta ukarudi nyuma kidogo, na mke wake akacheka mpaka akakaa chini. Hapo watu wakajua kwamba lazima lalamiko liwe la kweli.

Nadine ndiye aliyegundua jambo lingine. Ukuta ulikuwa unakwenda upande mmoja tu, upande wa chemchemi. Ukifika chemchemi utafika na shimoni, kwa sababu ni palepale. Na shimo likiwa ndani ya shapeli, nani atathubutu kuosha changarawe mbele ya altare? Habari hiyo ilizunguka kilima kabla bugali ya mchana haijaiva. Watu walianza kutafuta malalamiko yao kama mtu anavyotafuta nguo ya sikukuu chini ya sanduku. Walikumbuka machozi ya zamani waliyokuwa wameyaweka vizuri. Walikuja katikati ya juma. Walikuja na mvua. Kila ukuta ulipotikisika vigelegele vilipigwa mpaka wachimbaji wakavisikia shimoni.

Sasa nafasi ilikuwa kubwa kuliko watu, na ndipo wale wajane wa Yerusalemu wa kwenye somo walipokuja kukaa. Waliingia kwa mlango wa kawaida, miguu yao ikiwa na vumbi, kila mmoja na bakuli lake la mti. Zéphirin aliwauliza kama wamekula njiani. Walikuwa hawajala. Ernestine akawapikia ule unga wa Rehema, na haukuwa mwingi, lakini walishukuru. Walisema Kibangubangu cha pale kwa lafudhi ya kigeni, kama watu wa kule Wamaza.

“Nafasi iko, mama,” Ernestine alimwambia mmoja wao, akisogea kwenye benchi. “Kaa.”

Rehema alikuja siku ya soko akasimama mlangoni. Alieleza kwamba yeye ana msikiti wake na hauhami, ila kidimbwi ni chake pia. Akalalamika akiwa amesimama palepale, viatu mkononi, sentensi mbili tu. Ukuta ukaenda zaidi ya siku zote.

Halafu malalamiko yakaisha. Ukuta ulikuwa umebakiza hatua chache tu kabla ya chemchemi, na watu walikuwa wamesema yote. Waliangaliana. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamwangalia Zéphirin, ambaye hajawahi kulalamika tangu abatizwe. Wakamwangalia bila hasira. Ernestine akamsogezea kigoda cha kupigia magoti, akakifuta kwa kanga yake.

Zéphirin alipiga magoti.

“Bwana,” alisema, “nimekushukuru kila siku kwa maji haya. Mimi mwenyewe siwezi kuyanywa. Na wagonjwa nimewapa.”

Ukuta ukatoka mbio. Ulipita chemchemi, ukapita vidimbwi vyote, ukapita shimo, ukasimama kwenye mti wa mpaka ng'ambo ya pili, na paa likaufuata likilia bati kwa bati. Watu wakapiga kelele za furaha, wakakumbatiana, wajane wa Yerusalemu wakapiga mabakuli yao kama ngoma. Nadine alibebwa begani. Vigelegele havikukatika.

Chini shimoni Octave alivua kofia, kwa sababu alikuwa kanisani. Aliwaamuru vijana wake wavue za kwao. Akatazama paa kutoka kona hadi kona, akaridhika. Kisha akasimama, akaomba ruhusa ya kusema, akamshukuru Mungu kwa sauti nzuri kwamba sasa watu wake wataweza kufanya kazi hata siku za mvua. Akafanya ishara ya msalaba na kuwasha mashine.

Zéphirin alimaliza sala akipaza sauti juu ya mngurumo.

Ernestine aliteremka kwenye kidimbwi chake, ambacho sasa kilikuwa karibu na sanduku la sadaka, akatoa mihogo. Ilikuwa myekundu. Mjane wa Yerusalemu akachuchumaa karibu naye, akachukua kisu, akamsaidia kumenya.

“Nyinyi, malalamiko yenu yalisikiwa?” Ernestine alimuuliza.

“Yalisikiwa sana. Walichagua wanaume saba wa kusimamia mgao.”

“Na chakula?”

Mjane akatazama bakuli lake tupu. “Hili tunatembea nalo kila mahali,” alisema.

Wakamenya mihogo yote, kisha kila mmoja akashika upande wake wa beseni wakapanda nalo.

Jumapili iliyofuata, saa ya maombi ya waumini, Octave alikuwa benchi la mbele na mashine ilikuwa ikinguruma. Ernestine alisimama.

“Bwana,” alisema, “ni mimi tena.”

Ukuta wa pili, ambao haujawahi kusogea, ukaanza kwenda taratibu upande wa barabara ya Kabambare, waliko wakubwa.