Gunia la Wageni

Mjini waliniita Profesa, na hawakuwa wakinisifu. Mtu aliyekaa Ujerumani Mashariki miaka mitano akisomea umeme, akarudi Unguja na cheti chake, kisha akajifungia katika ghala la chini huko Malindi kukifundisha chuma kuona, utamwita nini? Wengine waliniita mwendawazimu, lakini hilo walilisema nikishapita.

Mwaka ule wa 1971 nilikuwa mwalimu katika chuo cha ufundi, na utafiti wangu ulikuwa mashine ya kuchagua karafuu. Karafuu ziliingia juu, kwenye kikombe cha bati, zikashuka moja moja mbele ya taa ndogo na jicho la umeme nililolichopoa kwenye mtambo mbovu wa sinema. Karafuu nzima ni nyeusi, hiyo huachwa ipite. Iliyovunda hupauka, na ikipita hiyo, jicho huiona, sumaku huvuta kijiti cha chuma, tap, karafuu inaangukia kwenye sanduku jekundu. Ni hayo tu. Kueleza ni dakika moja; kutengeneza kulinichukua miaka mitatu na nywele zote za utosini.

Kilichonikondesha si mashine, ni fedha. Fungu la utafiti lilitoka kwa miezi mitatu mitatu, nusu serikalini na nusu kwa Wajerumani, na kila miezi ikikaribia kwisha naambiwa nisubiri barua. Nilisubiri barua mpaka nikawa naisikia baiskeli ya tarishi usingizini. Agosti barua ikaja kweli. Kamati itakuja Jumatano, saa tatu asubuhi, kuiona mashine ikifanya kazi. Ikifanya, nitapata fungu la miaka miwili. Isipofanya, ghala lifungwe, na mimi nirudi darasani kufundisha kuunga waya.

Nikatayarisha gunia. Siku mbili nilichanganya kwa mikono yangu: katika kila karafuu kumi, moja iliyovunda. Nilitaka sanduku jekundu lijae mbele ya macho yao, na ile tap-tap isikike mpaka barabarani. Tatizo ni kwamba kuta za ghala langu zilikuwa zikitoa maji ya chumvi, na karafuu hunywa unyevu. Zikilala humo, hata zilizo nzima hupauka. Kwa hiyo Jumanne jioni nililipeleka gunia kwa Bi Kazija anilazie.

Bi Kazija alikuwa mkubwa wa wanawake wachaguzi wa karafuu katika bohari ya jirani. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuinamia karafuu na kuzitenga nzuri na mbaya, yaani kazi ile ile niliyokuwa nikiitafutia mashine. Hakuwahi kunikasirikia kwa hilo. Alinionea huruma tu, akiona nakonda bure.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Na hili la nini tena?"

"La wageni wa kesho. Wanakuja kuitazama mashine. Niwekee pakavu tu."

"Wageni wa serikali?"

"Wa serikali, na Mzungu mmoja."

"Haya, ntakuwekea. Wewe nenda kalale."

Nikaenda kulala.

Walikuja watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Borafya wa wizarani, mtu mrefu asiyejua kucheka. Mwandishi wake aliitwa Hamad. Wa tatu alikuwa Bwana Krause, mtaalamu wa Kijerumani, mzee wa nywele nyeupe, na nusu ya fungu ilipita mikononi mwake. Gunia likaletwa kwa mkokoteni. Nikamimina konzi ya kwanza bila kuzitazama karafuu, maana nilikuwa nikiwatazama wao. Nikawasha.

Karafuu zikashuka vizuri, moja moja. Taa iliwaka. Tap haikusikika. Nikangoja. Konzi nzima ikapita, nikamimina ya pili, nikamimina ya tatu. Sanduku jekundu lilikuwa tupu. Kijasho chembamba kikaanza kunitoka. Nikagusa waya, nikalipuliza jicho, nikagonga kikombe kwa kidole, upuuzi wote ninaowakataza wanafunzi wangu.

"Mwalimu," akasema Ndugu Borafya, "mashine hii inachagua nini?"

Hamad akachekea puani. Bwana Krause aliinama kwenye gunia, akachota karafuu kiganjani, akazigeuzageuza. Kisha akanitazama, na akaendelea kunitazama.

Ndipo nilipomwona Bi Kazija mlangoni, na wenzake watatu nyuma yake, wamejifunga vibwebwe, nyuso zimewachangamka kama watu waliopika wanaongojea wageni waonje. Nikamwendea. Akaninong'oneza.

"Wanasemaje? Wamezipenda?"

"Wamependa nini?"

"Karafuu. Gunia lako lilikuwa chafu, mwanangu, mimi nimeona haya. Wageni wa serikali, na Mzungu juu yake, uwamiminie mavundo? Tangu tuliposali alfajiri tumelikalia, watu wanne. Humo hamna hata moja mbovu, nakuapia. Mavundo yote tushayatupa baharini."

Nikapigwa na butwaa. Mashine yangu ilikuwa nzima, haina hata kasoro. Ilikuwa ikisema kweli tupu tangu nilipoiwasha: hakuna mbovu, hakuna mbovu, hakuna mbovu. Miaka mitatu nimekula nayo, nimelala nayo, halafu kitumbua changu kinatiwa mchanga na watu wenye adabu. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na Mungu anisamehe, nilitaka kumnyonga yule mama.

"Kuna nini hapo?" Ndugu Borafya alikuwa amekwisha kunisogelea. Aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja. "Hawa si ndio wachaguzi? Mashine ikifanya kazi, wao ndio watakaokosa kazi. Mwalimu, kuna mtu aliyeligusa gunia hili? Kama kuna hujuma, tuambie sasa hivi."

Neno hujuma miaka ile halikuwa la mchezo. Mwezi uliopita Kificho, mpimaji wa bohari ile ile, alichukuliwa kwa sababu ya mizani iliyokutwa imepunja, na mkewe bado alikuwa akimpelekea chakula mahali ambapo hakuna aliyemwambia kama yumo au hayumo. Nami nakiri kwamba kwa muda wa kupepesa jicho nilimshuku Bi Kazija. Nikamtazama. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni, kalisahau, na mikono yake iliyoingia weusi wa karafuu ilikuwa imekikamata kibwebwe. Mtu aliyefanya hujuma haji mlangoni kuulizia sifa.

Nifanye nini? Nikisema karafuu zimesafishwa, nitaulizwa nani kazisafisha. Nikisema nimezisafisha mimi, wataniuliza kwa nini basi nimewaita. Nikiomba gunia jingine, itakuja hadithi ya gunia la kwanza. Kichwa kilikuwa kimeganda. Nilichokiona mbele yangu ni wanawake wanne tu.

"Hakuna aliyeligusa," nikasema. "Mashine imeharibika."

Bwana Krause alikijua Kiswahili kidogo. Akaniuliza kwa Kijerumani, kwa upole, kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Akazirudisha karafuu guniani polepole, akapangusa mikono. Ndugu Borafya akatazama saa yake, akasema wana ndege ya Pemba saa tano. Wakaondoka.

Ghala lilifungwa wiki ile ile. Mashine ikafunguliwa vipande vipande, nami nikarudi darasani. Bi Kazija alipofahamu alichokifanya alikuja kuniomba radhi siku tatu mfululizo, na kila siku nilimwambia hakukosa kitu. Kwa kweli nilikuwa nimemkasirikia mpaka mwisho, lakini sikumwonyesha, na usiku nililala. Nilijiambia nimepoteza chuma, nimeokoa watu wanne. Hilo ndilo nililolishika, na lilinitosha.

Oktoba ikaja barua. Hamad aliniletea mwenyewe, nakala ya taarifa ya Bwana Krause, imetafsiriwa na kupigwa taipu wizarani. Fungu langu lilikuwa limekwisha kuhamishiwa mashine za kukamua nazi. Alinikuta nimesimama kizingitini kwa Bi Kazija, nikaisomea pale pale.

"Nililikagua gunia," aliandika. "Karafuu zote zilikuwa nzima. Mashine haikukosea hata mara moja. Kwa nini mwalimu alileta gunia la namna ile sijui, wala si lazima nijue. Nilimngoja apitishe mbele ya jicho punje moja ya mchele, au kipande cha karatasi, kitu chochote cheupe. Ingetosha, na nilikuwa tayari kutia saini. Badala yake alisema imeharibika, na nilipomuuliza kama ana hakika alishikilia hivyo hivyo. Siwezi kupendekeza fedha kwa mtafiti asiyeiamini kazi yake."

Nikairudia. Shati nililovaa siku ile lilikuwa jeupe pe. Ningenyoosha mkono tu, ncha ya mkono wa shati ipite mbele ya ile taa, na tap ingesikika chumba kizima. Ndugu Borafya asingekuwa na la kuuliza, na wale wanawake wangerudi zao boharini na vibwebwe vyao. Hapakuwa na mtu wa kuokolewa. Mimi, niliyelitengeneza jicho lile kwa mikono yangu, sikulifikiria.

"Wanasemaje, mwanangu?" akauliza Bi Kazija.

"Wanasema mashine ilikuwa nzima."

Uso ukamkunjuka kwa mara ya kwanza tangu Agosti. "Alhamdulillahi. Nlikuwa silali mimi. Basi si watakurejeshea?"

Nikaikunja barua, nikamwambia Inshallah, kisha nikakaa chini pale kizingitini.