Kaburi la Mwenye Shamba

...na sasa anauliza babu yangu alizikwa wapi, hivi hivi, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, mimi nimeegemea lango la watu huku ughaibuni, mtaa wa Malaz, lisijifunge, bosi ndani ya gari anamngoja madam ashuke, simu nimeibana begani, na Silas kule Karantina, Jeddah, anahangaika na historia ya kijiji chetu, eti kitabu, eti tukirudi Desemba kisomwe kanisani, nani alifika kwanza, nani alichimba kisima, nani alianzisha kwaya... "Ni hiyo tu imebaki, Elphas, kaburi ya babu yako," hiyo tu! mwaka mzima hakunipigia, hata nilipougua, leo anataka kaburi, na kwetu hata mtoto anajua kaburi ndilo hati ya shamba, ukoo usio na kaburi la babu ni ukoo wa mumenya, mgeni aliyepewa pa kujibanza, na mgeni siku yoyote huambiwa afungashe, na mama yuko kule peke yake na mahindi yake, mimi niko huku kwa kafili, huyu bosi mdhamini wangu... mjanja huyu, kikulacho ki nguoni mwako, "Elphas, uko?" niko, natafuta, kaburi la baba lipo karibu na zizi, la nyanya lipo, la babu... sijawahi kuonyeshwa, niliuliza mara moja tukiwa shambani, mama akasema palilia, mvua inakuja, nikapalilia, basi nitasema liko nyuma ya jikoni, nani atafukua, nitasema mafuriko yalilifunika... "Yalla, Elfas," bosi huyo ananihimiza, nalisukuma lango zaidi, madam hajashuka, "Liko nyuma ya..." naanza, Silas ananikata, "Ngoja kwanza, nikuambie kitu sijaambia mtu, kwetu kuna kaburi moja tulikuwa hatujui ni ya nani, nyanya alikuwa anaifagia kila Krismasi, anasema ni ya mwenye shamba, alitukaribisha tukiwa hatuna pa kwenda, sasa Mama Selipher, yule mzee wa kijijini, ameniambia mwenye shamba alikuwa babu yako"... natafuta mtego, lazima upo, mtu hajichimbii shimo mwenyewe, nayageuza maneno huku na huku, mtego siuoni, mumenya ni yeye, anajua na ananiambia, angenyamaza nani angejua? "Sitaki kuandika uongo, ndugu yangu, lakini mamangu anaishi hapo, ndio maana nimekuuliza wewe kwanza," anaogopa, ananiogopa mimi, na aibu inanishika, uongo wangu bado uko mdomoni, sema, Elphas, mwambie mama yake asihofu, ni maneno mawili tu... ila macho yangu yameshafika kule, yanapima hatua kutoka kaburini hadi mlangoni kwa mama yake, kumi na mbili, kumi na tatu, migomba yote ile, na kisima, kisima nacho kingekuwa upande wetu... "Elphas? Si useme kitu?" gari linanguruma, madam hajashuka, bado nimeshika lango la mtu mwingine, palilia, alisema mama, mvua inakuja, na siku ile hapakuwa na wingu hata moja, kumbe kaburi lile alijua anamficha nani, ananificha mimi.