Mkeka wa Rwegasira

"Shuka kwenye cherehani!"

"Sishuki."

"Mama Odeta, nakuomba kwa ustaarabu..."

"Ustaarabu uliuuza pamoja na friji!"

"Friji ilikuwa inavuja! Na hii siiuzi, naweka rehani tu, wiki mo..."

"Na godoro lilikuwa linavuja?"

Queen alikuwa amepanda juu ya meza ya cherehani, amekaa kama kuku anayeatamia, kichwa cha mashine amekikumbatia. Kwenye vyumba vyao viwili vya kupanga pale Kiseke hakikuwa kimebaki kingine cha kuuzika. Cherehani hiyo ndiyo ilikuwa inamlisha mtoto wao Odeta na kumlipia shule. Rwegasira, mumewe, alikuwa ameng'ang'ania mguu mmoja wa meza. Mpaka juzi juzi alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, na kwenye hesabu zote, mada aliyoipenda ni uwezekano.

"Jioni kuna mechi za uhakika," alisema. "Za uhakika, Queen!"

"Hodi waitu!"

Mama Kokulinda, mama mzazi wa Rwegasira, alisimama mlangoni na mzigo mrefu kichwani. Ameshuka melini asubuhi hiyo, ametoka Bukoba, na hakuna aliyemwita.

"Shikamoo mama," walisema wote wawili. Mmoja bado yuko juu ya meza, mwingine bado ameshika mguu.

"Marahaba. Mnahama?"

"Hapana mama. Tunafanya usafi."

Mama alitafuta kiti, hakukiona. Akatua mzigo, akaukunjua katikati ya chumba. Mkeka. Mpya, wa ukindu, unanukia.

"Si ulinipigia simu unalia? 'Mkeka umechanika, nimekwisha!' Halafu ukakata. Nikajiuliza, mwanaume mzima, mwalimu, analilia mkeka? Lakini machozi ni machozi. Nikakaa nikakusukia mwingine."

Rwegasira akafumba macho. Siku ile alitaka kumpigia Masele, mwenzake wa kubeti. Kwenye simu yake jina la Mama na la Masele ni majirani, kidole kikakosea.

Queen akaanza kucheka. Akacheka mpaka akalia, na hakikuwa kicheko cha kumfurahisha mtu.

"Mama, mkeka wake sio wa kulalia. Ni wa kubashiri mpira. Anapanga timu kumi, zote zishinde. Moja ikiteleza tu, mkeka umechanika. Na wa mwanao unachanika kila siku. Friji imeenda, godoro limeenda, kazi imeenda."

"Na kazi?"

"Alikuwa anabeti darasani, mama."

"Timu moja!" Rwegasira akaruka. "Tisa ziliingia! Moja ndiyo imenichania, dakika za nyongeza! Mama, mtu akikosa kwa timu moja hajakosa. Amekaribia!"

Mama alimwangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta sura anayoijua.

"Rwega. Nikikwambia acha, utaacha?"

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Rwegasira, na mkono wake ukaifuata wenyewe kabla hajaamua. Wote watatu waliuona ule mkono.

"Haya," mama alisema taratibu. Akasogea, akasimama karibu na mkwewe, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza. "Cherehani haitoki humu. Ukiitaka, anza kunibeba mimi."

Rwegasira aliwaangalia wanawake wawili wanaoilinda mashine moja. Vidole vikalegea, akauachia mguu wa meza. Akateleza na ukuta mpaka chini, mabega yakaanza kutikisika. Queen hakuwa amemwona hivyo tangu siku aliyofukuzwa kazi. Akajikuta ameshuka mezani bila kukusudia.

"Iacheni," Rwegasira alisema. "Cherehani iacheni. Siigusi tena."

"Kweli, baba Odeta?"

"Kweli. Sina haja nayo."

Akatambaa kwa magoti mpaka mbele ya mama yake, akamshika miguu yote miwili. Queen alijua sasa anaomba msamaha. Mama naye alijua hivyo, maana alishamwekea mkono kichwani na midomo ilikuwa inaanza kumsamehe.

"Mama," alisema Rwegasira, "wapigie simu baba wadogo wote. Na jumuiya ya kanisani. Waambie nimekufa. Wachange rambirambi, zifike kabla ya jioni."