Meza ya Dada

Pale kwa dobi walimwita Kasuku, kwa sababu mteja hakuingia na nguo chafu akatoka bila yeye kumwigiza. Hata Mama Dobi, mwenye duka, alimwigiza anavyonusa shati kabla ya kutaja bei. Siku moja akamwigiza dada yake mwenyewe. Akainama kwenye meza ya pasi, akashika kiuno, akajinyanyua kidogo kidogo huku akiguna. Wenzake wakacheka mpaka wakaweka pasi chini.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha mashuka.

"Umesahau mguu wa kushoto," alisema. "Huo nao nauburuta."

Akaenda kwenye meza yake, akaendelea na kazi. Hakununa wala hakulia. Kasuku angeshukuru kama angepigwa kofi.

Mgongo wa Dada ulianza kuuma alipoteleza kwenye sakafu yenye sabuni. Jeraha lilipona, na picha za hospitali hazikuonyesha kitu, lakini maumivu yalibaki. Mwaka wa kwanza watu walimpa pole. Mwaka wa pili wakaanza kutazamana. Kasuku alilala naye chumba kimoja, akamsikia anavyohangaika kugeuka kitandani, na bado moyoni alikuwa amesema: anadeka.

Tangu siku ile alipomwigiza alishindwa kumtazama Dada usoni. Kuomba radhi hakujua aanzie wapi, kwani maneno aliyoyazoea yote yalikuwa ya kuchekesha. Basi akaamua mikono iseme. Alifagia, akachota maji, akafua, akapika. Dada akigusa ufagio, anamnyang'anya.

"Kaa, Dada. Pumzika."

Dada akikaa, Kasuku anapata nafuu. Hakuona kwamba Dada alivyozidi kukaa ndivyo alivyozidi kukakamaa, mpaka kuvaa viatu ikawa shughuli. Aliona tu kwamba bado hajamfanyia vya kutosha. Ndipo akamwendea Mama Dobi kwa siri.

"Mama, Dada anaumwa sana. Mwache apumzike nyumbani, kazi yake nitaibeba mimi."

"Kumbe ni kweli anaumwa?" alisema Mama Dobi. "Mimi nilidhani ananitegea."

Jumatatu meza ya Dada ikapewa msichana mgeni.

Jioni hiyo Dada alimkuta Kasuku anapepeta mchele.

"Nani alikutuma?"

"Nilitaka upumzike, Dada."

"Uliponicheka nilivumilia, maana kesho yake nilikuwa na pa kwenda. Sasa niende wapi?"

Akapanda kitandani, akageukia ukuta. Kasuku akabaki na ungo mapajani, mchele umeshakuwa safi zamani, mikono bado inapepeta.

Kesho yake fundi viatu aliyekaa nje ya duka alimwita.

"Wewe, hivi unajua kwamba mimi ni mjomba wako?"

"Shikamoo. Mjomba wangu wa wapi?"

"Marahaba. Wa Alhamisi. Pale zahanati kuna darasa la watu wenye maumivu yasiyoisha. Dada yako alilitafuta mwenyewe. Dirisha hili wanampeleka lile, lile wanamrudisha hili, mpaka akalipata. Sasa wanataka kila mmoja aje na mtu wa nyumbani, ajifunze namna ya kuishi naye. Akaniomba nijifanye mjomba. Naenda, najinyoosha, hata goti langu limefurahi."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

Fundi alivuta uzi kwenye soli, akaukaza.

"Alisema ungerudi ukawaigizia wenzako."

Ilikuwa kweli. Angewaigizia, tena siku hiyo hiyo.

Alhamisi alimfuata Dada mlangoni. "Naomba twende wote."

"Ukafanye nini?"

"Nikae kimya."

"Hilo nalo nikalione," alisema Dada.

Darasa lilikuwa kwenye chumba cha chanjo, watu wazima wamekalia viti vya watoto. Fundi viatu alikuwa ameshawahi mbele.

"Mjomba, leo umeongeza mtu?" aliuliza mtaalamu wa viungo, mama mfupi mwenye sauti ya kujaza chumba.

"Ukoo wetu mkubwa," alisema fundi.

Mtaalamu akaanza somo. Alisema maumivu yasiyoisha ni kama mbwa aliyewahi kupigwa na mwizi. Mwizi hayupo tena, lakini mbwa sasa anabwekea kila mtu, hata mwenye nyumba. "Ukimwambia mwenye nyumba kwamba hakuna mwizi, umesema kweli. Lakini ukimwambia kwamba hakuna kelele, umemsingizia uongo. Mbwa huyo humwachishi kubweka kwa kujifungia ndani. Unapita mbele yake kidogo leo, kidogo kesho, mpaka akuzoee. Fanya kazi, pumzika kabla hujaelemewa, kisha rudi kazini."

Akamgeukia Dada. "Na wewe, nyumbani unasaidiwa?"

"Nasaidiwa mno."

"Mno ndiyo vipi?"

"Ufagio sijui hata unawekwa wapi siku hizi. Na kazini nimeshatolewa, kwa kuhurumiwa."

Chumba kizima kilicheka, kicheko cha watu wanaojua. Kasuku akatazama vidole vyake vya miguu. Wiki zote hizo alikuwa akijitibu mwenyewe kwa mgongo wa Dada.

Walipotoka alisema, "Nisamehe. Kwa yale ya kwanza, na kwa haya."

"Twende kwa Mama Dobi," alisema Dada. "Utasema ulilolifanya wewe. Yangu nitayasema mimi."

Kasuku alisema mbele ya wote kwamba hakutumwa, na kwamba dada yake hajawahi kutegea. Hakuna aliyecheka. Kisha Dada akaeleza: atapiga pasi, atakaa kidogo, atasimama tena. Kazi itatoka, ila kwa mwendo wake.

"Na mgeni nimpeleke wapi?" aliuliza Mama Dobi.

"Achukue meza yangu," Kasuku alidakia. "Mimi nitahamia kwenye mabeseni."

"Unaanza tena," alisema Dada.

Mama Dobi alinusa shati lililokuwa mkononi mwake, akafikiri. "Asubuhi meza ni yako, mchana ya mgeni. Mwisho wa mwezi tutaangalia."

Ilikuwa nusu ya alichokuwa nacho. Dada akaikubali.

Asubuhi iliyofuata Dada alipiga pasi mashati machache, akaizima, akakaa. Wenzake wakamtupia jicho, kisha wakamgeukia Kasuku kuona atafanya nini. Kasuku akainamia kazi yake. Dada akasimama, akaenda kuchukua kikapu kingine. Alikiinua polepole, uso umemkunjamana. Miguu ya Kasuku ilitaka kukimbia. Akashika mpini wa pasi kwa nguvu, akabaki pale pale.

"Ukimaliza kunitazama," alisema Dada, "geuza hiyo kola, inaungua."