Maji Yaliyobaki Bondeni

Asubuhi ya Jumamosi Zewar alijaza bakuli la shaba, akatia majani ya nanaa, na gari lilipoondoka na mwanawe Sakhidad, akayamwaga maji yale barabarani. Kwetu Behsud msafiri haondoki bila kumwagiwa maji nyuma yake, ili arudi salama. Maji yakalifuata gari, kama kawaida, kona kwa kona kuelekea Kabul. Mwenyewe akiwa njiani kurudi, maji yake humtangulia yakaingia bakulini, na mama anajua aweke birika motoni. Wanaosema maji yakimwagika hayazoleki hawajafika kwetu.

Sakhidad alikwenda kufanya mtihani wa chuo kikuu. Jioni ile ile dereva Ewaz akarudi na gari tupu.

"Wenye bunduki wametusimamisha bondeni," alisema, akakataa kuketi. "Wameangalia nyuso tu, wakajua kabila letu. Wamewashusha abiria wote saba. Mimi wameniacha nilete habari."

"Na Sakhidad?"

"Mama Sakhidad, nisikudanganye. Nilifukuzwa, sikuona kilichofuata."

"Maji yake je?"

"Yamebaki kule. Si unajua yote yanabaki kule."

Ni kweli. Kwenye kona ya bonde lile maji ya waliochukuliwa miaka yote yamekuwa bwawa la kufika magotini. Kiangazi halikauki, na theluji ikianguka haligandi. Serikali ilimtuma mhandisi, akapima kina, akasimamisha kibao: TAHADHARI, MAJI. Habari za wenye bunduki hakuulizwa, naye hakuzitaja.

Alfajiri Zewar akashika njia kwa miguu, bakuli kwapani. Alifika adhuhuri. Akachuchumaa, akatia mkono bwawani, na maji ya Sakhidad yakamjia vidoleni yakinukia nanaa. Alipoinamisha bakuli yakarudi nyuma. Akajaribu mara tatu. Maji hayaingii bakulini kama mwenyewe harudi, na Zewar alilijua hilo tangu utoto wake. Akainuka na bakuli tupu.

Wanaume sita walikuwa wamekaa chini ya kibao. Akawaendea.

"Mwanangu mmemweka wapi?"

"Yupi? Nyie pua bapa wote sura moja," mkuu wao akasema, na wenzake wakacheka. "Teka maji yako, bibi, uende zako."

"Basi nipeni maiti nikaizike."

Mkuu akatazama jua, akasema wakati wa sala umeingia. Wakashuka bwawani kutawadha. Maji yakawakimbia viganjani, kama yanavyowakimbia kila siku, viwiko vikabaki vikavu. Hawakunung'unika. Wakatayamamu kwa vumbi, wakaenda kusali nyuma ya mwamba, bunduki kando yao. Walisali bila haraka, rakaa zote.

Hapo gari likatokeza kutoka upande wa Behsud, limejaa watu. Zewar akaliona kabla yao. Akaacha bakuli, akakimbia katikati ya barabara, akalipungia kwa mikono miwili ligeuze, huku akipaza sauti mpaka ikamkauka. Upepo ulikuwa unavuma kuja kwake, ukairudisha sauti nyuma.

Dereva alikuwa kijana wa watu, mwenye adabu. Aliona mama mtu mzima, peke yake, anapunga mikono juani. Akapunguza mwendo, akasimama, akamfungulia mlango.

"Panda, mama," akasema. "Nafasi ipo."